Siku Moja Kariakoo Baada ya Kuvunja Kikoba

Mwezi wa Desemba una mambo mawili ambayo akina mama wengi wa Tanzania tunayafahamu vyema. La kwanza, vikoba huvunjwa. Hesabu za mwaka hufungwa, hisa hugawanywa, na mama aliyekuwa akiweka elfu tano kila wiki hujikuta ameshika laki mbili na zaidi kwa mara moja. La pili, Januari iko mlangoni pamoja na sare za shule, viatu, madaftari, michango na kodi ya nyumba. Katikati ya mambo hayo mawili imekaa Kariakoo, na huko ndiko tunakotaka kuwapeleka akina mama wenzetu mwezi huu.

Sisi ni akina mama wa usharika mmoja mjini Morogoro. Katika kikundi chetu wamo walimu, wauza nafaka, washonaji, mama lishe, na sisi tunaofanya kazi ya uuguzi. Jumamosi ya tarehe 21 Desemba 2024 tulisafiri watu 12 kwenda Dar es Salaam. Kikundi kilihitaji masufuria makubwa mawili na sahani za kukodisha kwenye sherehe, na kila mmoja alikuwa na mahitaji ya nyumbani kwake. Lakini safari hii ilikuwa na jambo jingine nyuma yake, ambalo hapana budi tulieleze kwanza.

Desemba ya mwaka uliotangulia, kila mtu alikwenda Kariakoo kivyake, na wengi walirudi na mabunda. Haikupita muda, usiku mmoja wa Januari, mwenzetu alimleta mwanawe kituo cha afya akiwa amebanwa na pumu. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Aliwekewa hewa ya oksijeni na dawa ya kufungua njia za hewa, na ilipofika alfajiri alikuwa ameketi akiomba uji. Mama alipoulizwa habari za ile pampu ambayo mtoto alipaswa kuivuta kila siku, alijibu kwa sauti ndogo kwamba iliisha kabla ya Krismasi, naye hakuwa na fedha ya kununua nyingine. Wote tulijua kwamba wiki chache nyuma alikuwa amepokea 310,000 za mgao wake. Nyumbani kwake kulikuwa na seti mpya ya glasi, zulia dogo, na saa ya ukutani yenye kengele.

Mwenzetu huyu ameturuhusu kulieleza jambo hili. Si mlevi, si mzembe, wala si mama asiyejali watoto wake. Ni mama kama sisi sote, na hiyo ndiyo sababu habari ile haikututoka.

Kwa hiyo mwaka 2024, kabla hatujavunja kikoba, tulikaa vikao viwili kulizungumza suala la kununua bila kupanga. Wenzetu walianza kutaja vitu vilivyolala makabatini: blenda iliyoungua siku ya pili, viatu vinavyobana vidole, vitenge visivyoshonwa tangu vinunuliwe. Kicheko kilikuwa kikubwa. Kisha mwalimu mmoja mstaafu, ambaye sote tunamwita Bibi, akatuuliza kama tunakumbuka mahali ambapo mama zetu walikuwa wakiweka fedha.

Tulikumbuka. Ilikuwa kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo. Bibi akasema, "Mnadhani lile fundo lilikuwa la kuzuia wezi tu? Ili kulifungua ilibidi mtu atafute mahali pa kusimama, ageukie ukutani, na mara nyingine atumie meno. Mpaka lifunguke, alikwisha jiuliza kama kitu chenyewe anakitaka. Ninyi mmeondoa fundo. Fedha yenu iko wazi kama maji ya bomba."

Maneno hayo yaliingia. Wengi wetu tulikuwa tumezoea kudhani kwamba anayenunua ovyo ana tamaa, na dawa yake ni kukemewa. Bibi alituonyesha kwamba kinachokosekana ni muda kati ya jicho na mkono. Tukakubaliana kuurudisha muda huo kwa njia yetu. Tungekwenda wawili wawili. Kila mmoja angeandika orodha yake kwenye karatasi, kila kitu na bei anayoikadiria, hata zawadi za watoto, maana mama anayetoka Dar es Salaam akifika nyumbani mikono mitupu, watoto humtazama kama mgeni. Kisha, na hapa ndipo wengine walipoguna, kila mmoja angempa mwenzake pochi yake aibebe. Ukitaka fedha, unamwomba mwenzako kwa maneno: nataka hiki, cha kazi hii, kwa bei hii. Kama kitu hakimo kwenye orodha, mnatembea kwanza mpaka mwisho wa mtaa. Mkifika huko na bado unakitaka, mnarudi.

Tulipanda treni ya umeme ya asubuhi Kihonda. Nauli ya treni ya kawaida ilikuwa 13,000, na treni hii iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024 imeifanya Kariakoo kuwa jirani kuliko ilivyopata kuwa. Zamani, basi na foleni ya Kibaha na Kimara vilitosha kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kusafiri. Sasa mtu anaondoka asubuhi na jioni yuko kwake. Ni jambo jema kwa wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara, lakini fundo jingine nalo limefunguka.

Humo ndani ya treni ndimo tulimosikia kishawishi cha kwanza, wala hatujafika Ruvu. Mwenzetu mmoja alisema, "Nauli kwenda na kurudi ni 26,000. Nikirudi na vitu viwili vitatu nitakuwa nimeila hasara." Maneno hayo yana sura ya hesabu, lakini si hesabu. Nauli imekwisha lipwa. Mtu akinunua vitu kumi haimrudii, na asiponunua kitu haimrudii. Anachoweza kuamua ni kuhusu fedha iliyobaki tu. Tena Morogoro tuna Soko Kuu la Chifu Kingalu, jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2021, na kwa mama anayetaka sufuria moja, tofauti ya bei kati ya huko na Dar es Salaam haifiki hata nusu ya nauli. Tulimwambia hivyo. Alinyamaza, akaitoa orodha yake, akafuta vitu viwili.

Tulifika Kariakoo yapata saa nne. Kwa wasomaji ambao hawajafika, tuseme kidogo juu ya mahali penyewe. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wakaweka hapo kambi ya wapagazi hao, na wenyeji wakalitamka jina walivyoweza. Maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na njaa. Ni watu wachache wanaokumbuka hilo wakiwa wamebeba ndoo za plastiki kichwani. Jengo la soko kuu, lenye paa la zege lililokaa kama miavuli iliyopinduliwa, lilibuniwa na Beda Amuli, mmoja wa Watanzania wa kwanza kuwa wasanifu wa majengo, likafunguliwa mwaka 1975. Liliungua usiku mmoja wa Julai 2021, na serikali ikaingia katika kazi ya kulikarabati na kujenga jingine kando yake.

Lakini Kariakoo si jengo. Ni mitaa: Msimbazi, Kongo, Sikukuu, Swahili, Aggrey, Uhuru, Mchikichi. Wafanyabiashara huja kutoka Zambia, Malawi, Komoro na Kongo kuchukua mizigo. Tulipita karibu na makutano ya Mchikichi na Kongo, mahali palipoporomoka ghorofa tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20. Ulikuwa umepita mwezi mmoja na siku chache tu. Tulisimama kidogo, tukawaombea waliofiwa, tukaendelea.

Ukiingia Mtaa wa Kongo mwezi wa Desemba, hutembei, unasukumwa. Vipaza sauti vidogo vinapiga kelele bila kupumzika, sauti ileile iliyorekodiwa: elfu mbili, elfu mbili, bei ya hasara, zimebaki chache. Vijana wanaita: mama, dada, shangazi, njoo uone. Mmoja alimwekea mwenzetu gauni la mtoto mkononi akisema, "Shika tu mama, kushika bure."

Hapo tuliona kazi ya mkono. Kitu ambacho hujakishika ni cha mwenye duka. Ukishakishika, ukakigeuza, ukapima mshono kwa kidole, ukamwona mwanao ndani yake akiwa kanisani asubuhi ya Krismasi, moyo unakihesabu kuwa chako, na kukirudisha kunauma kana kwamba umeibiwa. Vijana wa Mtaa wa Kongo hawakusoma hayo darasani, lakini wanayajua kuliko wengi waliosoma. Dada yule aliyewekewa gauni alisimama nalo dakika nzima. Kisha akageuka kwa mwenzake, akafungua mdomo kutaja kitu, kazi yake na bei, akajikuta anasema, "Nataka gauni la... anayo mawili." Akalirudisha mwenyewe. Mwenzake hakusema neno.

Halafu kuna mawinga. Hawa ni vijana wasio na duka, wanaomshika mteja barabarani na kumpeleka dukani kwa mtu, na malipo yao ni cha juu kinachoongezwa kwenye bei yako. Wengi ni waungwana na wanatafuta riziki kama sisi. Lakini winga ana jambo moja zito: anatembea nawe. Anakubebea mzigo, anakununulia maji, anakuuliza habari za Morogoro. Mkifika duka la tatu unaona haya kuondoka bila kununua, maana amehangaika. Mama wa Kiafrika amelelewa kutomwangusha mtu aliyemtendea wema. Tulikubaliana kumjibu kila winga kwa heshima mapema, "Ahsante mwanangu, tunajua tunakokwenda," na kweli tulikuwa tunajua. Asiyejua anakokwenda hawezi kulisema neno hilo kwa uso mkavu.

Masufuria na sahani za kikundi tulivimaliza kabla ya saa sita, tukaviacha dukani vikiwa vimefungwa. Hilo nalo tuliliazimia: kitu kilichotuleta kinunuliwe kwanza, wakati akili bado ina baridi ya asubuhi.

Tuseme sasa juu ya kupatana bei, maana hapa tuna maoni ambayo huenda baadhi ya wasomaji hawatayakubali. Sisi akina mama tunajisifu kwa kupunguza bei. Muuzaji anataja 60,000, tunataja 25,000, tunaondoka, anatuita, tunarudi, tunamaliza kwenye 35,000, na tunakwenda nyumbani tukisema tumeokoa 25,000. Lakini ile 60,000 ilikuwa ya nani? Aliitaja yeye, ili 35,000 ionekane ndogo. Na kama kitu chenyewe hakikuwa kwenye orodha, hatukuokoa chochote, tumetoa 35,000. Zaidi ya hayo, kwetu ukishataja bei na muuzaji akaikubali, kuondoka ni aibu. Umesema, amekubali, neno limekwisha. Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana, na ndiyo maana wanakubembeleza: "Sema yako tu mama, una ngapi?" Wenzetu wawili walinasa hapo asubuhi ileile, mmoja kwa mkoba na mwingine kwa chupa ya chai, kwa sababu walitaja bei kama mchezo na muuzaji akasema haya chukua. Kwa mtu asiyekusudia kununua, lililo salama ni kutotaja bei kabisa.

Saa saba ilipofika Bibi alitulazimisha kwenda kula. Wengine walitaka kuendelea kwanza "tumalize mtaa huu." Hapo sisi wa uuguzi tuliingilia kati. Tunaona kila siku kliniki jinsi mtu mwenye njaa anavyokuwa: hana subira, anajibu kwa ukali, anakubali lolote ili mambo yaishe. Na si chakula pekee anachokitamani. Mwaka 2015 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao, wakaonyesha kwamba watu wenye njaa walitaka kuchukua vitu vingi zaidi hata visivyolika, hata vibanio vya karatasi. Tumbo linasema "nataka", na mkono hauulizi linataka nini. Ongeza joto la Desemba la Dar es Salaam, miguu iliyovimba, na maji ambayo akina mama huyakwepa kwa kuogopa kutafuta choo. Tulikula wali na maharage kwa mama lishe, tukanywa maji ya kutosha, tukakaa nusu saa. Tulipoinuka, mama mmoja alisema ile stendi ya viatu aliyokuwa akiiwaza tangu asubuhi imemtoka kichwani.

Tatizo jingine liko kwenye simu, na hapa hata utaratibu wetu wa pochi ulikuwa na tundu. Pochi alibeba mwenzako, lakini simu ulikuwa nayo wewe. Karibu kila kibanda Kariakoo kina lipa namba imebandikwa ukutani. Unabonyeza tarakimu chache, unaweka namba ya siri, imekwisha. Hakuna noti iliyotoka mkononi, hakuna chenji ya kuhesabu. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walieleza jaribio ambamo watu walitakiwa kutoa bei zao kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikubali kutoa kiasi cha mara mbili ya wale walioambiwa watalipa taslimu. Noti inauma ikitoka. Namba haiumi mpaka usiku. Tena siku hizi zipo huduma za simu zinazokukopesha papo hapo salio lisipotosha, pamoja na gharama zake, na mama anaweza kurudi nyumbani akiwa ametumia mgao wote na deni juu. Deni la namna hiyo ndilo linalomfungulia mlango mkopeshaji wa mtaani wa ile mikopo watu wanayoiita kausha damu. Tumeshawauguza akina mama ambao shinikizo lao la damu halishuki kwa vidonge, kwa sababu kila Ijumaa kuna mtu anabisha hodi.

Mnamo saa tisa ndipo lilipotokea la mapazia.

Mwenzetu, ambaye binti yake alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza, alikuwa na orodha nzuri kuliko zote: mashati mawili, sketi mbili, viatu vyeusi, soksi, madaftari, rimu ya karatasi, begi. Ada ya shule za serikali imefutwa, tena tunashukuru, lakini fomu ya kujiunga na shule bado ina urefu wake. Alikwisha nunua mashati na sketi. Wakapita duka la mapazia, yamening'inizwa mpaka nje, rangi ya maziwa na maua ya dhahabu, feni ikiyapeperusha. Alisimama. Mwenzake naye akasimama, na badala ya kusema "twende mpaka mwisho wa mtaa," akasema, "Shoga, haya yamekutoka kabisa. Mumeo atapigwa na butwaa."

Mapazia yalikuwa 85,000. Yalilipwa.

Tunalieleza hili bila kumsema yeyote, maana linaonyesha kwamba mwenzi wa safari ni kisu chenye makali pande mbili. Mwenzako akiwa na ujasiri wa kunyamaza au kukuuliza "ya kazi gani?", yeye ndiye fundo lako. Akiwa anaogopa kukuudhi, au yeye mwenyewe amechoka na anataka angalau kuona mtu akifurahi, basi atakusukuma. Baadaye alipoulizwa, alisema alikuwa ameona uso wa mwenzake unang'aa kwa mara ya kwanza tangu afiwe na mama yake mwezi Septemba. Hilo nalo ni kweli. Mtu mwenye majonzi hununua siku moja ya kusahau, na aliyeko kando yake hana moyo wa kumnyang'anya. Tulipojua hivyo, hakuna aliyethubutu kuwasema. Waliporudi dukani kuuliza kama mapazia yanaweza kurudishwa, walionyeshwa maandishi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hapa tuongeze neno la kiuguzi, kwa kuwa si kila kununua kunatibiwa kwa orodha. Wapo watu wanaonunua bila kuweza kujizuia hata kidogo, wanaficha mabunda, wanajutia, kisha wanarudia wiki ileile. Daktari Mjerumani Emil Kraepelin aliiandika hali hiyo kuwa ni maradhi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Na kuna jingine la kuangalia zaidi: mtu ambaye ghafla anatumia fedha kama mvua, halali usingizi ila saa mbili tatu wala hachoki, anaongea haraka kuliko kawaida yake, ana mipango mikubwa ya biashara isiyoshikika. Huyo asikemewe wala asisemwe kwamba ana pepo la anasa. Huenda akili yake inaumwa, na ugonjwa huo una matibabu. Mpelekeni hospitali ya wilaya au ya mkoa, waelezeni mambo yote, nao watajua pa kumwelekeza. Tumewaona waliopona na kurudi kuendesha nyumba zao vizuri.

Jioni, treni ilipoondoka, Bibi alituambia kila mtu atoe orodha. Tulihesabu kwa sauti, na abiria wa viti vya jirani wakatega masikio. Watu tisa kati ya 12 walikuwa ndani ya orodha zao, na fedha imebaki. Wawili walizidisha kidogo, ule mkoba na ile chupa ya chai. Wa mapazia alihesabu kimya. Begi, viatu na madaftari havikununuliwa.

Mama wa mtoto mwenye pumu alikuwa na mfuko mmoja tu. Dawa ya mwanawe alikuwa ameinunua Morogoro siku aliyopokea mgao, pampu za miezi mitatu, na alizikagua tarehe ya mwisho wa matumizi moja moja mbele ya mfamasia. Tunawakumbusha akina mama wengine wenye watoto wa pumu kwamba ile pampu ya kila siku ni ya kumkinga mtoto asibanwe. Haingojwi mpaka abanwe. Kariakoo alinunua mchele kilo 10, kandambili za watoto, na gari dogo la plastiki la 3,000. Gari lilikuwa kwenye orodha, limeandikwa "zawadi".

Shule zilipofunguliwa Januari 2025, binti wa kidato cha kwanza alikwenda akiwa amevaa viatu vya dada wa jirani. Wiki ya pili mama yake aliyauza mapazia kwa 60,000 kwa mama mmoja wa mtaa wa pili, akanunua viatu, madaftari na begi. Hayakuwahi kutundikwa, sebule yake ina dirisha moja, na mapazia yalikuwa ya mawili.

Mwaka huohuo tulileta hoja katika kikundi kwamba mgao usitolewe wote Desemba: nusu itoke kabla ya Krismasi, na nusu wiki ya kwanza ya Januari, fomu za shule zikiwa mezani. Mjadala ulikuwa mkali. Wapo waliosema kikundi si mzazi wa mtu, na kwamba mama aliyejinyima mwaka mzima ana haki ya kuishika fedha yake yote siku moja, akaiona, akafurahi, hata kama ataitumia vibaya. Si hoja ya kupuuza. Kura zilikuwa 17 kwa 11, na nusu kwa nusu ikapita. Mwenzetu wa mapazia alikuwa miongoni mwa wale 11.